Barafu ya Baba

Nyumbani kwetu maji baridi yalikuwa marufuku. Si kwamba hatukuwa na frigo. Tulikuwa nayo, kubwa, nyeupe, imelazwa sebuleni mahali ambapo watu wengine wangeweka makochi, na mgeni aliyekuja kutusalimu alilazimika kuizunguka ndipo apate pa kukaa. Lakini frigo ile haikuwa ya kunywea maji. Ilikuwa ya barafu, barafu ilikuwa ya samaki, na mtoto aliyeinua kifuniko mchana, hata kama ni kujipoza uso tu, alichapwa. Mimi nilichapwa mara nyingi. Kichwa changu ni kigumu, na utotoni kilikuwa kigumu zaidi.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa Mweru, nje kidogo ya Nchelenge ukishika barabara ya kwenda Mununga. Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Congo. Alivuka ziwa akiwa msichana, analeta vitenge na sabuni, akakutana na baba ambaye alikuwa mvuvi wa huku, akabaki. Ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni, wakati majirani walikitumia sokoni tu na Wakongomani, kisha wakarudi nyumbani kwenye Kibemba chao. Dada yangu, mtoto wa kwanza, alikuja kuolewa kulekule mama alikotoka. Mimi nikabaki na wazazi, nikiuza samaki na mama.

Waliotegemea ile frigo hawakuwa sisi peke yetu. Wanawake karibu wote waliouza samaki upande wetu wa ufukwe walileta maji yao kwenye mifuko ya plastiki ili mama awagandishie, na ili kusiwe na ugomvi kila mmoja alifunga mfuko wake kwa utepe aliouchana kwenye kitenge chake. Ukifungua frigo ungedhani umefungua kabati la nguo. Huu mwekundu wa fulani, ule wa maua ya buluu wa fulani, na wa njano, miaka ya baadaye, ulikuwa wa mjane mmoja jirani yetu, mama wa pacha wadogo. Mama alizijua tepe zote na hakuna mfuko uliopotea hata siku moja. Baba alikuwa akitutania kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni frigo, na kwamba siku akiumwa itabidi ajifunge utepe ndipo mama amwangalie.

Kwa baba peke yake sheria ililegea. Jumapili, tukitoka kanisani, mama alimvunjia kipande cha barafu kama ngumi, akampa. Baba alikaa kizingitini, akakivunja vipande viwili kwa jiwe, kimoja akaweka mdomoni mwake na kingine akampa dada. Walikaa hivyo mashavu yametuna, hawaongei, mpaka kimeisha. Mimi nilikinga mkono chini ya kidevu cha dada nikapata yale matone. Niliwahi kuuliza kwa nini sipewi, baba akaniambia kipande ni kimoja na hakigawanyiki kwa watatu. Sikukubali. Mpaka leo sijakubali, ila sasa naelewa alichokuwa akisema.

Shuleni walitufundisha jambo hilohilo kwa maneno makubwa. Mwalimu wa biashara aliandika ubaoni kwamba mahitaji ya watu hayana mwisho lakini vitu vina mwisho, na huo ndio uhaba. Akasema kwa sababu hiyo lazima mtu achague, na kile alichokiacha ndiyo bei ya alichokichukua. Mfano wake ulikuwa wa mwanafunzi mwenye pesa ya kalamu au ya maandazi. Tulicheka, wote tukachagua maandazi, nikapasi mtihani. Hakuna aliyenieleza kwamba kuna siku vitu viwili vitasimama mbele yako, vyote ni vyako, vyote unavipenda, na kimoja lazima kioze.

Siku hiyo ilikuja miaka hii ya mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimekataa kule kusini kwenye mabwawa ya umeme, na huku kwetu ambako maji yamejaa hadi upeo wa macho umeme ulikuja usiku kwa saa chache na siku nyingine haukuja kabisa. Frigo iligandisha nusunusu. Mama aliizungushia blanketi mbili na godoro kuukuu, akawa anaifungua mara moja tu kwa siku, na hata hiyo mara moja alitangaza kwanza ili kila mwenye utepe wake awe amesimama tayari.

Tena ulikuwa mwezi wa tatu. Wasiokaa ziwani hawajui maana yake. Ziwa letu hufungwa Desemba ili samaki wazae, halifunguliwi mpaka Machi, na katika hiyo miezi yote watu wa ufukweni hula ugali wa muhogo kwa katapa, yaani majani ya huohuo muhogo, leo, kesho na keshokutwa. Wanawake hula mtaji wao. Kwa hiyo ziwa likifunguliwa, kila mmoja hutia alichobakiza chote kwenye samaki wa kwanza, wale mapale wakubwa, jamii ya perege, walionenepa kwa mapumziko, na kuwapakia kwenye lori la kwanza la kwenda miji ya migodini. Lori la kwanza ndilo linalofungua mwaka. Anayelikosa hukaa tena na katapa, na pengine watoto wake hawarudi shule muhula huo.

Mwaka huo samaki walitoka vizuri. Walikuwa wamejaa kwenye masanduku ya mbao pale uwanjani petu, wamefunikwa maranda ya seremala, wakingoja lori. Ndipo tukapata habari kwamba lori limevunjika Mwansabombwe na linangoja kifaa. Na asubuhi iliyofuata baba akafa.

Hakufa ghafla. Alikuwa amelala tangu Krismasi, amekonda, moyo umechoka, waganga wa hospitali wamesema tukae naye tu. Alikuwa ametuomba jambo moja. Hakutaka kupelekwa kwenye chumba cha baridi cha hospitali. Alisema ameweka viumbe wa Mungu kwenye barafu maisha yake yote na hataki kulala kwenye droo kama wao, alale nyumbani kwake watu wamwimbie, kisha azikwe. Tulimwahidi. Ni rahisi kumwahidi mtu jambo akiwa bado anapumua.

Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuliomba kwa sababu halikuhitaji kuombwa. Katika ukoo wa baba, sanduku halifungwi mpaka mtoto wa kwanza aje autazame uso na kuufunika kwa mkono wake. Na mtoto wa kwanza alikuwa ng'ambo ya ziwa. Mama alipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ambako mtandao hushika, akampigia.

"Tata yako ametuacha," alisema. "Kuya mbio. Kura hakuna, barafu iko kidogo."

Kura kwa Kiswahili cha mama ni umeme. Nilikuwa nimesimama karibu na nilimsikia dada akilia, kisha akajikaza.

"Mumungoye, Mama. Miye niko nakuya."

Simu ikakatika, na tangu hapo kila tulipopiga hakupatikana.

Wanawake walikuja kabla hatujawaita. Walikuwa wamevaa sare zao za kanisani na kila mmoja alisimama mbele ya frigo. Mjane wa utepe wa njano ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alitoa mifuko yake, akaipeleka chumbani, akaipanga mwenyewe ubavuni mwa baba, akatoka. Wengine wakafuata. Mama alisimama mlangoni, akawasihi wasilete yote, wabakize nusu kwa ajili ya masanduku ya uwanjani, nao wakatii. Baba akalala amezungukwa na tepe za rangi zote, na hata mimi niliyekuwa nimevimba macho nilikumbuka utani wake nikatamani nimwambie kwamba sasa amefungwa utepe, sasa anaangaliwa.

Mitumbwi ya injini kutoka ng'ambo hufika alasiri. Nilikwenda kusimama majini na shemeji ya mama, mdogo wake baba. Watu walishuka, wafanyabiashara wa vitenge, mwanamke na mbuzi, askofu mmoja wa kanisa dogo na begi lake. Dada hakushuka. Tuliwauliza, mmoja akasema alimwona asubuhi gatini akikimbia huku na huko na kitambaa cha msiba kichwani, lakini hakujua alikwenda wapi. Nilikasirika. Nilisema kwa sauti kwamba amezoea kungojewa, tangu utotoni anangojewa yeye. Baba mdogo aliniambia ninyamaze.

Umeme haukuja usiku ule.

Asubuhi mama alianza uwanjani. Alifukua maranda, akainua samaki mmoja, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akafungua shavu na kunusa. Nyama ilikuwa bado inarudi, lakini polepole. Alifanya hivyo kwenye kila sanduku. Kisha akanawa mikono, akaingia chumbani kwa baba na kufunga mlango. Alikaa humo muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa na hakuupangusa. Alituita, baba mdogo, mimi na wale wanawake, akatuambia kwamba kwa barafu iliyobaki samaki hawafiki jioni, na mume wake naye hafiki jioni.

"Barafu ni moja," alisema. "Tukiigawa kati, vyote viwili vinaoza. Nusu haisaidie mutu."

Baba mdogo alielewa kabla yangu. Alikataa. Alisema kwamba huyu ni kaka yake si gunia, kwamba ukoo utauliza, kwamba mtoto wa kwanza yuko njiani na pengine sasa hivi yuko katikati ya ziwa. Akasema samaki watazaliwa wengine. Wale wanawake nao wakasema tuwaache samaki wao, barafu waliitoa kwa moyo mmoja na hawaidai. Mjane wa njano alisema hivyo kwa sauti kuliko wote, na alipokuwa akisema pacha wake mmoja alikuwa ameshika sketi yake anatafuna kipande cha muhogo mbichi. Mama alikuwa akimtazama yule mtoto, si mjane.

"Bwana yangu amekwisha kufa, shemeji," mama alimwambia baba mdogo. "Batoto ya ule mwanamuke bangali bazima."

Nilimchukia mama saa ile. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilimchukia kwa jinsi alivyokuwa sahihi. Aliingia chumbani akaanza kutoa mifuko kutoka ubavuni mwa baba, mmoja mmoja, akitusomea tepe kama ilivyokuwa kawaida yake, mwekundu, maua ya buluu, njano. Wanawake walipokea wakilia. Walikwenda uwanjani wakaizika mifuko kwenye maranda pamoja na samaki. Nilichukua wa mwisho. Ulikuwa mwepesi, nusu yake ilikuwa maji, na kitambaa chake kilikuwa kimelowana kwa baridi ya kifua cha baba.

Seremala alileta sanduku. Baba mdogo aligeukia ukuta wakati uso unafunikwa, kwa hiyo mama aliufunika mwenyewe. Tukamzika jua likiwa utosini. Kwaya iliimba, mchungaji alifupisha, udongo ulikuwa mzito kwa mvua na uliteleza kwenye majembe.

Tulikuwa tunarudi, wanaume na majembe begani, wakati mtumbwi ulipogusa mchanga. Ulikuwa umewahi siku hiyo. Dada aliruka kabla haujasimama na maji yakamfika mapajani. Hakuja mbio kwetu kama nilivyotazamia. Aligeuka nyuma, akasaidiwa na vijana wawili kuteremsha kitu kikubwa kilichofungwa kwa magunia na blanketi na kamba, wakakibeba kama wanavyobeba injini. Alikuwa anawahimiza, polepole, polepole, kisha haraka, haraka. Alipofika uwanjani petu akayaona masanduku ya samaki. Mfuniko mmoja ulikuwa wazi. Aliziona tepe zikichungulia kwenye maranda, tepe alizozijua tangu utoto, na barafu ya baba juu ya samaki. Akatazama majembe yenye udongo mbichi.

Aliwaambia vijana waweke chini. Akafungua kamba mwenyewe, akafunua blanketi, gunia, pumba za mpunga. Ndani palikuwa na bonge la barafu la ukubwa wa mto wa kulalia, gumu, kavu, linatoa moshi kwenye lile joto.

"Mama, barafu ni hii," alisema. "Nimeileta."

Ilibidi akae chini ndipo aweze kutusimulia. Alikuwa amefika gatini jana yake mapema, na nafasi kwenye mtumbwi alikuwa nayo. Lakini alikumbuka mama amesema barafu iko kidogo. Akafikiri, nikienda mikono mitupu nitamkuta ameharibika, au watakuwa wamemzika kwa kukosa, na mimi ni mke wa mtu wa ng'ambo ambako kuna barafu. Akashuka mtumbwini. Kulikuwa na baa yenye jenereta na frigo ya bia, akamwangukia mwenye baa, yule bwana akatoa chupa zake akamgandishia maji usiku kucha. Dada alilala sakafuni kando ya ile frigo. Alisema alikuwa na furaha, Mungu amsamehe, kila alipogusa akakuta yamekuwa magumu zaidi alifurahi. Angepanda mtumbwi wa kwanza, bila kitu, angeukuta uso wa baba ukiwa mzima kabisa na angeufunika.

"Juu ya nini hamukuningoya?" aliuliza.

Mama alimshika dada mkono na kumwinua, akatuashiria mimi na wale vijana tubebe.

Tulilipeleka bonge makaburini. Barafu ikiwa begani huchoma, na mimi niliibeba upande wangu bila gunia kwa sababu nilitaka inichome. Dada alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akaokota jiwe na kulipiga lile bonge mpaka likapasuka. Kipande kikubwa akakiweka juu ya kaburi upande wa kichwa. Kidogo akakivunja tena, akaweka mdomoni, akakaa, mashavu yametuna, machozi yanamtiririka. Kisha akanitazama. Akavunja kingine na kunipa. Kilikuwa na ladha ya pumba na ya bia kidogo. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nilipogeuka, mjane wa njano alikuwa amesimama pale njia inapoingia makaburini, na beseni tupu mkononi. Lori lilikuwa bado Mwansabombwe. Umeme ulikuwa bado haujarudi na mifuko ile iliyokuwa nusu maji isingefika mbali. Alikuwa ameona aibu kusogea, lakini alikuwa amekuja. Aliomba kwa upole sana, kwa kuwa mzee amekwisha pumzika, kama kuna kipande kisichokuwa na kazi.

Kila mtu alimtazama mama. Asubuhi ileile mama alikuwa amemvua mume wake barafu kwa ajili ya mwanamke huyu na watoto wake, na hakuna jambo lililokuwa limebadilika. Watoto walikuwa walewale, samaki walewale, na baba alikuwa hahitaji tena kitu chochote. Hata mimi niliinama kuanza kulichukua lile bonge.

"Hapana, mama yangu," mama alimwambia. "Unisamehe. Hii ni ya bwana yangu."

Mjane aliinamisha kichwa, akaondoka na beseni lake. Sehemu ya samaki wake ilioza jioni ile, akawaanika waliobaki, na mwaka ule pacha hawakurudi shule. Hakuwahi kutulaumu. Mama naye hakuwahi kueleza kwa nini alimnyima, na mimi sikumuuliza. Tulikaa palepale sisi watatu tukilitazama bonge likipungua. Maji yalishuka kwenye mwinuko wa kaburi, yakachimba kijia chembamba kwenye udongo, yakafika kwenye miguu ya mama aliyekuwa peku, naye hakuisogeza.